Neno la Danieli na Kisima cha Nyibol

(Niliyaandika haya mwezi wa Februari mwaka huu, nikayaficha. Ndani yake mlikuwa na siri isiyokuwa yangu. Sasa ni Novemba. Mwenye siri amekwisha kuisema kwa kinywa chake mwenyewe kwa wale iliowahusu, naye ameniruhusu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.)

Lodwar, Jumatatu, Februari 2013

Leo hakuna upepo. Mabati yanalia kwa joto juu ya kichwa changu, na mbwa wa jirani amelala katika kivuli cha tangi kana kwamba amekufa. Tangu asubuhi nimeketi hapa mezani nikilisikiliza tumbo langu, kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni asiyemtaka.

Simu iko mbele yangu. Imelia, nikaiacha. Imelia tena, nikaiacha.

Habari za tumbo langu zikifika Kakuma, mwanamke mmoja atafukuzwa katika nyumba yake pamoja na binti zake. Hapo ndipo nilipoyafikisha mambo, mimi, mtu mzima mwenye mvi.

Acha nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Wasomaji wachache wa ukurasa huu wanajua kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kwetu ni Taita. Nilihamishiwa Turkana nikiwa kijana, nikadhani nitakaa muda mfupi, na bado nipo. Kabla ya ualimu nilipita chuo cha dini, ambako mzee mmoja alitufundisha Kiebrania na Kiaramu kwa ukali ambao siku hizi ungemfikisha mahakamani. Sikuwa mchungaji. Lakini makanisa ya huku yakigombania maana ya neno, huniita, nami huenda, kwa sababu siwezi kuvumilia neno likionewa.

Alhamisi alinipigia simu Mchungaji Yohana, Msudani Kusini anayechunga kanisa dogo ndani ya kambi ya Kakuma.

“Ya ustaz,” akasema, “tuna shida na neno.”

“Neno gani?”

“La Danieli. Lile la kina.”

“Neno halina shida, Mchungaji. Watu ndio wenye shida.”

“Basi njoo uwaambie hivyo wenyewe. Mimi wamekataa kunisikia.”

Shida ilikuwa hii. Katika kanisa lake yumo mjane anayeitwa Nyibol, naye pia ametoka Sudani Kusini. Ndiye anayewapikia waumini chai baada ya ibada. Maji ya bomba kambini huja na kukatika, kwa hiyo watu huchimba visima katika mchanga wa laga, ule mto mkavu unaopita kando ya kambi. Kiangazi hiki visima vimekauka kimoja baada ya kingine. Cha Nyibol hakikukauka. Hakuwauzia watu maji, aliwapa. Wangeweza kumshukuru. Wakaanza kumwogopa.

Katika kanisa hilohilo yumo kijana mhubiri kutoka Kongo, jina lake Fiston. Wenyewe humwita nabii. Mtoto wake mchanga alianza kuharisha baada ya mkewe kuchota maji katika kisima hicho. Fiston akafunga, akaomba, akafungua simu yake. Humo akasoma kwamba pale katika kitabu cha Danieli, mahali ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inazungumzia fumbo, lugha ya asili ya Kiaramu ina neno la kina. Mungu hufunua mambo ya kina na yaliyofichwa. Kutoka hapo akaruka mpaka kwenye hitimisho lake: hayo ya kina ni viumbe, vinakaa chini ya maji, Nyibol amefanya nao mapatano, na Mungu amemfunulia yeye Fiston jambo hilo.

Kanisa lilikuwa liamue Jumapili. Likimtenga Nyibol, majirani walikwisha kusema watakachofanya: watakifukia kisima na kumtoa katika mtaa wao. Mahali pengine pa kwenda hana. Kijiji chake kiliungua.

Jumamosi nilipata nafasi mbele katika lori la unga, nikafika Kakuma mchana.

Sikwenda kwa Mchungaji kwanza. Nilikwenda lagani. Nilitaka kukiona kisima kabla ya kukisemea, kama nilivyowafundisha wanafunzi kuitazama sentensi nzima kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Nyibol alikuwa ndani ya shimo, kichwa chake hakionekani, anachota kwa kopo na kujaza mtungi. Binti yake mkubwa alikuwa juu akiupokea. Mbuzi walisimama ukingoni wakisukumana, na samadi yao ilikuwa imetapakaa hadi kwenye mdomo wa kisima. Niliiona. Sikuifikiria. Kichwani mwangu nilikuwa na Kiaramu.

Alipopanda juu, nilijitambulisha, nikamwuliza waziwazi kwa nini kisima chake hakikauki.

“Mwalimu, usiniulize hiyo,” akasema. “Uliza ingine.”

“Kesho watakuuliza mbele ya kanisa.”

“Kesho pia nitanyamaza.”

“Ukinyamaza watasema una jambo.”

“Nina jambo,” akasema, akajitwisha mtungi. “Lakini si ya mimi.”

Nikakaa pale mchangani nimekasirika. Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba ukweli hauhitaji pazia. Wakati huo akatokea mwanamke wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni, anaburuta matawi ya miiba. Aliyapanga kuuzunguka mdomo wa kisima, mbuzi wakarudi nyuma. Alivyoyapanga ilionekana si mara yake ya kwanza.

“Ejok,” nikamwamkia.

“Ejok-noi.” Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. “Wewe ndiyo ile mzee ya Lodwar? Ile itaamua?”

“Siamui. Ninaeleza neno.”

“Ni hiyo hiyo.” Akaketi mbele yangu. “Mzee, mdomo yako iko na mlango?”

Sikuelewa.

“Mlango. Ya kufunga. Ama ni wazi kama ya nabii?”

Nikasema una mlango. Nilisema hivyo kwa wepesi, kwa kuwa nilitaka kujua. Kumbe nilikuwa nimekwisha kula kiapo.

Jina lake Nakiru. Kwao ni upande wa Lopur, naye huuza kuni na makaa kambini. Mwaka jana aliingia kambini na mzigo wa makaa kichwani huku mimba imetimia, uchungu ukamshika mlangoni pa Nyibol. Wengine walipita. Nyibol alimwingiza ndani, akamzalisha kwa mikono yake, akamnywesha uji, hakumtoa mpaka aliposimama mwenyewe. Watu wa Nakiru hawaachi jambo kama hilo bila jibu, naye hakuwa na mbuzi wa kutoa. Alikuwa na kisima. Baba yake alikichimba zamani mahali penye mwamba chini ya mchanga, na mwamba ule huyazuia maji yasizame. Ndiyo sababu hakikauki. Akampa Nyibol ruhusa ya kuchota.

“Sasa shida ni ndugu yangu,” akasema. “Hii maji ni ya boma. Mimi ni msichana ya boma, siwezi pea mtu wa nje bila kuuliza. Wako na ng’ombe upande ya Kaikor. Wakisikia nimepea mkimbizi kisima ya baba, watanipiga. Si kofi. Watanipiga ile ya kulala chini. Na kisima watafunga.”

Nilitaka kumwambia aseme “maji haya” na “kisima cha baba”. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya ualimu, niliona aibu kwa kutaka kusahihisha.

“Nyibol anasema ninyamaze,” akaendelea. “Mimi nasema, wakifukuza yeye, nitaingia hiyo kanisa nitasema yote. Wacha nipigwe. Yeye alinishika nikiwa nakufa.”

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Nyibol alikuwa tayari kufukuzwa ili Nakiru asipigwe. Nakiru alikuwa tayari kupigwa ili Nyibol asifukuzwe. Na mimi katikati, nimefunga mlango na ufunguo umo ndani.

Nilijiambia: nikilieleza neno vizuri, hakuna hata mmoja wao atakayehitaji kufungua kinywa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Ni jengo la matofali ya udongo na mabati, na joto lake laweza kumfundisha mtu toba. Nyibol aliketi mbele kando, binti zake wawili wamembana. Fiston alisimama ukutani amembeba mtoto wake kifuani. Nilikuwa nimemtarajia mtu wa majivuno. Nikaona baba asiyelala.

Nikawaeleza neno. Niliwaambia kwamba Danieli aliandikwa sehemu kwa Kiebrania na sehemu kwa Kiaramu, na kwamba neno lenyewe ni amikata: mambo ya kina, wingi. Shina lake ni konsonanti tatu. Ya kwanza hutoka kooni, nasi katika Kiswahili hatunayo. Ya pili ni m. Ya tatu ni k inayotamkwa nyuma kabisa ya kinywa. Katika sehemu za Biblia zilizoandikwa kwa Kiaramu, ambazo si nyingi, neno hili linaonekana hapo tu.

Lakini lina ndugu. Dada yake katika Kiebrania ni emek, nalo maana yake ni bonde. Si shimo la giza, nikawaambia, bali nchi ya chini iliyo pana, ambamo watu hupanda ngano. Binamu yake katika Kiarabu ni amik, yaani yenye kina. Hapo Mchungaji Yohana akaitikia kwa sauti kwamba sokoni wao husema gowit, lakini katika Biblia ya Kiarabu aliyoisoma utotoni ni amaik, wala hakuna aliyepata kumwambia kuwa ni mashetani. Watu wakacheka kidogo. Nikaona mabega ya Nyibol yanashuka.

Nikaendelea. Babeli kwenyewe, alikokuwa Danieli, wenyeji walikuwa na lugha yao ya kale, na wanazuoni wengi hulitia katika shina hilohilo neno lao la hekima. Mwenye hekima kwao ni mtu aliyekwenda chini sana katika jambo. Hakuna kiumbe ndani ya neno hili. Hakuna mkia, hakuna magamba.

“Tena ulizeni,” nikasema, “neno hili lilisemwa lini. Mfalme alikuwa ameota ndoto na kuisahau, au kuificha, akaamuru wenye hekima wote wauawe kwa kutoijua. Danieli alikuwa mmoja wa wale waliotafutwa. Akaomba, akafunuliwa, akamshukuru Mungu kwa wimbo wenye neno hili. Alipotoka hapo alimwendea mwuaji aliyetumwa na mfalme akamwambia nini? Usiwaue. Hata wale waliokuwa wachawi wa Babeli kweli kweli, aliwaombea. Basi mtu akiniambia Mungu amemfunulia ya kina, namwuliza swali moja tu: nani ameokoka?”

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilijisikia kama ninavyojisikia ninapofika mwisho wa sentensi ndefu na kila kitenzi kimekaa mahali pake.

Fiston akasogea mbele.

“Muzee, tunakuheshimu sana,” akasema kwa upole. “Hayo ya bonde ni muzuri. Lakini sisi hatukunywe neno. Tunakunywa maji. Utuambie: ile maji inatokaka wapi? Visima vyote vimekauka. Yake tu haikauke. Juu ya nini?”

Mama mmoja mzee nyuma akapaza sauti: “Na chai ya Jumapili unayoongezewa kila mara, nabii, ulidhani maji yake yanatoka Nairobi?”

Watu wakacheka, safari hii kwa nguvu.

“Ndiyo, mama,” akasema Fiston. “Nilikunywa. Na bibi yangu alikunywa, na mutoto akanyonya. Mutazame.”

Akamgeuza mtoto atutazame. Macho yalikuwa yameingia ndani. Kicheko kilikatika kama kamba.

“Muzee, wewe ulienda kule jana. Walikuona. Unajua ao haujue?”

Ningeweza kusema sijui. Neno moja. Sijawahi kusema uongo mbele ya watu, na ulimi wangu haukujua njia ya kwenda huko.

“Najua,” nikasema. “Lakini sitasema.”

Hapo kanisa likavurugika. Wengine walisimama. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba hata mwalimu amefungwa kinywa na vitu vya majini. Mchungaji Yohana alinitazama kama mtu aliyemwalika mgeni amzimie moto, akamwona anamwaga mafuta. Binti mdogo wa Nyibol akaanza kulia.

Kisha nikamwona Nakiru. Alikuwa mlangoni na mzigo wake wa kuni. Akautua chini. Akaanza kuwapenya watu kuja mbele, na Nyibol, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamwona pia, akatikisa kichwa: usije, usije.

Nikafanya jambo ambalo hadi sasa silielewi.

Nyuma ya madhabahu ulikuwapo mtungi wa maji ya chai, yakingoja kuchemshwa. Niliuendea, nikachota kopo zima, nikanywa mpaka mwisho mbele ya wote. Maji yalikuwa na chumvichumvi, na harufu ya mifugo. Nikaligeuza kopo juu chini.

“Hayo ni maji ya Nyibol,” nikasema. “Yakiwa na pepo, pepo sasa ni wangu. Nikiugua, mtajua. Nisipougua, mumwache.”

Nakiru alisimama alipokuwa. Fiston alifikiri, kisha akasema, “Muzee amejisemea mwenyewe. Tungojee Jumapili ingine.” Watu wakaitikia. Mchungaji akafunga kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali. Nakiru akajitwisha kuni zake, akaondoka.

Tazama nilichokifanya. Muda wote ule nimesimama nikiwaeleza kwamba kina ni bonde, ni hekima, si pepo. Kisha nikamaliza kwa kiapo cha kunyweshwa, kitu ambacho bibi yangu alinisimulia kwa hofu kwamba wazee wa zamani waliwatendea watuhumiwa. Elimu yangu yote ilishindwa, nikalifanya tumbo langu kuwa kadhi.

Jana jioni nilirudi Lodwar, na kadhi ametoa hukumu alfajiri ya leo.

Sitaeleza zaidi. Itoshe kusema kwamba njia ya kutoka hapa mezani hadi choo cha uani nimeijua leo kuliko nilivyoijua katika miaka yote niliyokaa katika nyumba hii.

Tangu hapo nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu. Ninaishi peke yangu. Mke wangu alikwisha kutangulia, watoto wako mbali. Tumbo la mtu halina shahidi. Naweza kuipokea simu ya Mchungaji nikasema mimi mzima, nimekula ugali, nashukuru. Nyibol atabaki katika nyumba yake. Nakiru hatapigwa. Kwa uongo mmoja mdogo, wa mtu ambaye hajawahi kusema hata mmoja, na kwa hiyo ataaminiwa na kila mtu.

Nilikwisha kuficha jambo moja. Kwa nini nisifiche la pili?

Nimeirudia kalamu alasiri. Kwa kweli asubuhi nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeshika simu.

Kilichonizuia si uadilifu. Ningependa kuandika kwamba ni uadilifu, lakini shajara isiyosema kweli ni kupoteza wino. Kilichonizuia ni kijiko. Nilikuwa nimejichemshia maji, nikatia sukari na chumvi, dawa ile ambayo kila mama anafundishwa kliniki, nikawa nakoroga. Nikawaona wale mbuzi ukingoni. Nikaiona samadi. Nikayaona yale macho yaliyoingia ndani.

Nikisema mimi mzima, maji yale yatakuwa mazima pia. Nitakuwa nimeyapa cheti. Kesho watu watakwenda kuyachota kwa furaha, watawanywesha watoto wao mabichi, kwa sababu mwalimu alikunywa na hakudhurika. Na mtoto wa Fiston ataendelea kuombewa kwa ugonjwa ambao mimi ninao sasa hivi, na ambao ninautibu kwa kijiko.

Siri ya Nakiru nikiitunza, hakuna anayekufa. Siri ya tumbo langu nikiitunza, kuna anayeweza kufa. Tofauti ilikuwa wazi hivyo, nami nilihitaji asubuhi nzima kuiona.

Sikumpigia Mchungaji. Nilimpigia Fiston.

“Nabii,” nikasema, “naumwa ugonjwa wa mwanao.”

Nilisikia watu wakizungumza karibu naye, naye akitoka nje.

“Basi muzee umeona,” akasema. “Ulisema mwenyewe mbele ya kanisa.”

“Nilisema. Na nilisema upumbavu, nitaukiri Jumapili mbele ya kanisa hilohilo. Lakini sikiliza. Mbuzi wanakunya ukingoni mwa kile kisima, na mimi niliyanywa maji mabichi. Ungekunywa maji ya kisima chochote cha hivyo ungeharisha, hata angekichimba malaika. Chai yako ya Jumapili huchemshwa, wewe hukuugua. Mkeo alikunywa maji hayo ya chai au alikunywa mtungini?”

“Mutungini.”

“Na mtoto, amenyonya tu? Hajapewa maji?”

“Joto ni kali, muzee. Tunamupatiaka kidogo.”

“Hospitali?”

“Tulienda mwanzo. Kisha nikaona tufunge na kuomba.”

“Omba. Hakuna anayekukataza. Lakini mrudishe hospitali leo hii, usingoje jua lishuke. Na tangu sasa, maji yoyote atakayopewa yawe yamechemka, pamoja na chumvi na sukari.”

“Sasa Nyibol? Watu watasema umeanguka.”

“Fiston,” nikamwita kwa jina lake, kama ningemwita mwanafunzi wangu. “Unaweza kuwapigia sasa hivi uwaambie mwalimu anaugua, ukashinda. Sina la kukufanya. Lakini niambie: unataka kushinda, ama unataka mtoto apone?”

Nilisikia mtoto akilia mahali karibu, kilio chembamba kisicho na machozi, na mwanamke akimbembeleza. Nilikata tamaa. Nilikuwa naifikiria njia ya kurudi Kakuma na hali hii, na maneno ya kuwaambia majirani walioshika majembe.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya nabii hata kidogo:

“Chumvi, muzee. Tunatiaka kiasi gani?”

Nikamwambia: maji lita moja, yaliyochemka na kupoa. Sukari vijiko sita vidogo, visawazishwe. Chumvi nusu ya kijiko hichohicho, isizidi. Akarudia baada yangu, neno kwa neno, nami nikamrudisha pale alipokosea, mpaka akaipata sawasawa. Alimtuma mkewe hospitalini na mtoto wakati tukiwa bado tunazungumza. Nilimsikia akimwambia achukue kanga.

Yohana amepiga tena baadaye, nimempokea, nimemweleza yote ninayoruhusiwa kueleza. Akasema, “Ya ustaz, wewe ni shida kuliko neno.” Ameahidi kwamba kabla ya ibada kuni zitawashwa na maji yote ya kanisa yatachemshwa mbele ya macho ya watu. Miiba ya kuzuia mbuzi itaongezwa.

Jumapili nitarudi, ikiwa miguu itakubali. Wataniuliza tena maji yanatoka wapi. Nitasema tena kwamba najua na kwamba sitasema, na safari hii sitaruka kushika kopo. Kama hilo halitoshi kumwokoa Nyibol, sijui nitafanya nini. Sijui kweli. Naliandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba nilijua.

Danieli alisema Mungu hufunua ya kina. Hakusema kwamba kila anayeyajua lazima ayachimbue.

Jua linageuka. Tumbo limetulia kidogo, ama limejificha. Simu iko kimya, nami kwa mara ya kwanza leo natamani ilie. Kule Kakuma, katika nyumba ya Fiston, sufuria ya maji iko motoni.